Ncha ya kulia iliyopinduliwa

Gari la kisa hiki ni saluni ya petroli yenye injini ya silinda nne. Sailensa ya nyuma imelazwa kwa upana wa gari, na kila ubavu wake unatoa bomba fupi lenye kipenyo cha nje cha mm 54 linaloishia ndani ya dirisha lililokatwa kwenye bampa. Dirisha hilo lina umbo la trapeza, pana juu kuliko chini, pembe zake zimeviringwa. Katikati lina upana wa mm 150 na kimo cha mm 95. Mabomba yalitoka kiwandani yakiwa wazi, bila pambo. Mwenye gari akanunua ncha mbili za ekzosi, yaani midomo ya pambo ya bomba la moshi, za stenlesi na za umbo la yai, upana mm 140, kimo mm 82, zenye kuta mbili na mdomo wa mshazari, zikachomelewa moja kwa moja kwenye mabomba.

Miezi michache baadaye gari lilirudi karakana na mambo matano. Injini ikiwashwa asubuhi, na tena gari likiwa kwenye gia huku breki imekanyagwa, kitu kiligonga nyuma. Upande wa kulia bampa lilikuwa na masizi mazito juu ya ncha, na plastiki ya ukingo wa juu wa dirisha ilikuwa imelegea na kuanza kujikunja. Chini ya ncha hiyohiyo kulikuwa na michirizi ya kutu. Ncha zote mbili zilikuwa na madoa ya manjano. La tano lilikuwa la macho tu: ukisimama nyuma ya gari, hata bila kujua sababu, uliona limekaa upande.

Hilo la tano ndilo lililofungua mengi ya yale mengine, na ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika ncha ya ekzosi pambo na kazi ni kitu kimoja. Anayechora mdomo bila kupima bomba likiwa moto na likitikisika, anachora kitu ambacho gari litakikataa.

Kasoro iko pande zote au upande mmoja?

Gari lenye ncha mbili lina faida kubwa kwa mchunguzi: kila upande ni kipimo cha mwenzake. Gesi inayofika kushoto na inayofika kulia imetoka kwenye sailensa moja. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu injini, kitambaa cheupe kilipitishwa ndani ya kila mdomo. Masizi yalikuwa sawa pande zote mbili: makavu, ya kijivu, tabaka jembamba. Injini inayomwaga petroli kupita kiasi ingeacha masizi meusi mazito kote kuwili. Inayokula oili ingeacha utelezi. Hapa injini haikuwa na hatia. Tofauti ilikuwa nje ya mdomo, kwenye bampa, na ya nje huamuliwa na umbo.

Ncha za aina hii hukatwa mshazari kwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ukiitazama kutoka ubavuni, mdomo wa juu umetokeza kuliko wa chini. Ukiitazama kutoka juu, upande unaoelekea katikati ya gari umetokeza kuliko upande wa nje, ili mkato ufuate bampa linavyojipinda kuelekea ubavu. Kwa mtu aliyesimama nyuma ya gari, ncha ya kushoto ni ndefu juu na ndefu upande wake wa kulia. Ncha ya kulia inatakiwa iwe ndefu juu na ndefu upande wake wa kushoto. Hiyo ni pea halisi, ya mkono mmoja na mkono mwingine. Huwezi kuipata moja kwa kuizungusha nyingine.

Kwenye gari hili zote mbili zilikuwa za kushoto. Aliyezifunga aliona ncha ya pili haifuati bampa, akaizungusha nusu duara. Umbo la yai linakubali jambo hilo: lizungushe nyuzi 180, linabaki lilelile. Upande mrefu ukarudi kuelekea katikati ya gari, panapotakiwa, na kwa mtazamo wa juu kila kitu kikaonekana sawa. Lakini urefu uliokuwa juu ukaenda chini.

Kuanzia hapo makosa yakafuatana. Mdomo wa juu uliotokeza hufanya kazi ya paa: gesi inatoka chini yake na kulikimbia bampa. Ukiwa mfupi, gesi inapata njia ya kupanda mapema. Gari likienda, nyuma yake kuna hewa yenye shinikizo dogo inayorudisha moshi kwenye bampa. Gari likisimama na injini ikinguruma polepole baada ya safari ndefu, gesi inatoka bila kasi na joto lake linapanda wima hadi kwenye plastiki. Bampa nyingi hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na hulegea mapema zaidi. Ile ya kulia ililegea hasa pale palipokosa paa.

Kutu nayo ilitoka hapohapo. Mtengenezaji alikuwa ametoboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya ukuta wa nje ili maji yaliyojificha kati ya kuta mbili yatoke. Baada ya kupinduliwa, tundu likawa juu: likapokea maji ya mvua na ya kuoshea gari, na hayakuwa na pa kutokea. Ongeza na maji ya ekzosi yenyewe, ambayo watu huyadharau: kila lita ya petroli inayoungua hutoa takribani lita moja ya maji, na bomba likiwa bado baridi sehemu yake hugeuka matone na kutiririka. Maji hayo yalikaa juu ya weldi ya shingoni, na weldi ilikuwa imepigwa kwa waya wa chuma cha kawaida, ikiunganisha stenlesi na bomba la chuma kilichopakwa aluminiamu. Waya wa kawaida kwenye stenlesi hushika kutu kama chuma chochote. Kushoto weldi ilikuwa ya namna hiyohiyo, ila ilikauka kila safari, ndiyo maana ilionyesha wekundu kidogo tu.

Hata lile la macho lilikuwa na maelezo. Mshono wa urefu wa ncha, ambao mtengenezaji huuficha chini, kwenye ncha ya kulia ulikuwa juu, mstari hafifu unaokata mng'ao. Kivuli cha mdomo wa kushoto kilianguka ndani kutoka juu, cha kulia hakikuwepo. Jicho halihitaji kuambiwa. Linaona pande mbili hazisemi lugha moja.

Madoa ya manjano

Hapa ni rahisi kupotea. Stenlesi ya daraja la 304, yenye takribani asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, hubadilika rangi hewani kadiri inavyopata joto: manjano hafifu karibu na nyuzi 290, kahawia karibu na 390, bluu karibu na 540. Fundi akiona manjano anaweza kuanza kuhangaika na taimingi ya injini. Lakini madoa haya yalikuwa na umbo la vidole na michirizi ya nta, si pete inayozunguka shingo. Joto linalotoka ndani huchora pete. Grisi ya mikono na nta ya dukani huungua palepale zilipoachwa. Joto la ukuta wa nje lilipimwa mara baada ya safari na halikufika nyuzi 150.

Kipimo hicho kichukuliwe kwa themokapo, kipimajoto cha waya kinachogusa chuma. Bunduki ya kupimia joto kwa mwanga usioonekana husoma chini sana kwenye stenlesi iliyong'arishwa, kwa sababu uso wa kioo hutoa mnururisho kidogo na kuakisi vitu vilivyo karibu. Kama hakuna themokapo, paka doa dogo la rangi nyeusi ya kuhimili joto, liache likauke, kisha lenga doa hilo.

Dawa ya madoa ni ndogo: futa ncha mpya kwa asetoni au spiriti kabla ya kuwasha injini mara ya kwanza, na baada ya hapo usiishike kwa mikono mitupu. Yaliyokwisha kuungua hutoka kwa losheni ya kung'arishia na kitambaa laini. Pamba ya chuma ya jikoni isikaribie hapo; huacha chembe za chuma zinazoshika kutu na kuifanya stenlesi nzuri ionekane bandia.

Pengo

Kugonga hakukutokana na kupinduliwa. Ncha ya mm 140 ndani ya dirisha la mm 150 inaacha mm 5 kila ubavu, ikiwa imekaa katikati sawasawa. Haikukaa. Kipimo cha baridi kilionyesha ncha ya kulia ina mm 2 tu upande wa nje na mm 8 upande wa ndani. Mabomba ya ekzosi hayakai mahali pamoja, na swali la kwanza kabla ya mchoro wowote ni: yanatembea kiasi gani, na kuelekea wapi?

Joto linahesabika. Chuma cha kawaida hurefuka kama sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja. Njia ya bomba kutoka injini hadi mdomo ilikuwa mita 3.4, likipata wastani wa nyuzi 250 zaidi ya baridi, hesabu inatoa mm 10 hivi. Kilichopimwa kilikuwa mm 8, kwa sababu bomba la nyoka lililo mbele, lile linalonyumbulika, hula sehemu ya urefu huo. Kwa upana, sailensa na matawi yake vilikuwa na mm 900. Kwa nyuzi 200 hiyo ni mm 2, ambazo zote zinaweza kwenda upande mmoja. Kidogo, lakini ndizo mm 2 zote zilizokuwepo upande wa nje wa kulia.

Mtikisiko hauhesabiki kwa kalamu, unapimwa. Njia nyepesi ni vipande vya waya laini wa aluminiamu, unene mm 1.5, urefu mm 30, vinavyobanwa kwa tepu ya kuhimili joto ndani ya dirisha ili ncha ya kila kipande iguse chuma: viwili juu, viwili chini, kimoja kila ubavu. Injini inawashwa, gari linawekwa gia huku breki imekanyagwa sawasawa, kisha gia ya kurudi nyuma, kisha gari linapelekwa kwenye barabara yenye mashimo. Bomba linapokuja huusukuma waya, likirudi huuacha pale uliposukumwa. Vipimo vya gari hili: mm 4 kwa ubavu kutokana na injini kujinyonga kwenye mauntini zake, yaani vishikio vyake, na mm 6 kupanda na kushuka barabarani.

Raba za kuning'inizia ekzosi zikaguliwe kabla ya kupima, si baada. Mbili za kulia zilikuwa zimepasuka na kuachia bomba lishuke. Kupima bila kuzibadilisha ni kuchora pambo kwa ajili ya raba mbovu.

Sasa jumla. Kwa ubavu: mm 2 za joto, mm 4 za injini, mm 3 za kosa la kawaida la ufungaji, na mm 7 za hewa ambazo haziguswi na chochote, pengo ni mm 16. Juu: mm 6 za barabara, mm 3 za ufungaji, na mm 9 za hewa kwa kuwa joto hupanda; mm 18. Chini: mm 6, mm 3, na mm 3 zinatosha, mm 12. Toa hizo kwenye dirisha la 150 kwa 95, unabaki na ncha ya upana wa mm 118 na kimo cha mm 65.

Kuchora upya

Kutoka 140 kwa 82 hadi 118 kwa 65 ni kupungua kunakoonekana, na mwenye gari alitaka mdomo mkubwa. Kazi ya mchoraji hapa ni kufanya ncha ndogo ijaze dirisha kwa macho bila kulijaza kwa chuma. Kwa maoni yetu mambo matatu hufanya hivyo, na la kwanza lina uzito kuliko mengine mawili yakiwekwa pamoja.

Jicho husoma pengo kabla ya kusoma chuma. Yai ndani ya trapeza huacha pengo jembamba ubavuni na matundu mapana kwenye pembe, na hata likiwa kubwa namna gani linaonekana kama kitu kilichoazimwa kutoka gari jingine. Ncha ikiwa na umbo la dirisha lenyewe, pengo linakuwa utepe wa giza unaokwenda sambamba pande zote, na utepe huo huhesabiwa na macho kama sehemu ya ncha. Kwa hiyo umbo la yai liliachwa, likachukuliwa trapeza lenye pembe za mviringo. Faida yake ya pili ni kubwa vilevile: trapeza haliwezi kupinduliwa. Likiwekwa kichwa chini hata mtoto ataliona.

Pembe zilitaka uamuzi. Dirisha lina pembe za nusu-kipenyo cha mm 22. Ukilifuata kwa usahihi kwa kurudi ndani mm 16, pembe za ncha zinabaki na mm 6, kali mno kwa bati la stenlesi linalotakiwa kukunjwa mdomo. Litapasuka au litafanya makunyanzi. Zilichorwa mm 14. Pengo la kwenye pembe likawa mm 19 badala ya 16, tofauti ya mm 3 ambayo jicho linasamehe kwa sababu iko sawa kwenye pembe zote nne.

Jambo la pili ni mdomo mnene. Mdomo mwembamba uliokatwa tu huonekana ukiwa umesimama sawasawa nyuma yake. Sogea pembeni, unapotea. Mdomo uliokunjwa kuwa mviringo wa kipenyo cha mm 10 hukamata mwanga wa mbingu juu na wa ardhi chini, ukatoa mstari mweupe usiokatika kutoka upande wowote. Huo mviringo una sababu nyingine pia. Kanuni namba 26 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vitu vinavyotokeza nje ya magari ya abiria, inakubali bomba la ekzosi litokeze zaidi ya mm 10 kupita mstari wa sakafu ya gari uliopo juu yake pale tu linapoishia kwa kingo za mviringo zenye nusu-kipenyo kisichopungua mm 2.5. Mdomo wetu una mm 5. Mguu wa mtu anayefungua buti hukutana na chuma butu.

Jambo la tatu ni giza la ndani. Ukuta wa ndani hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ya kuhimili nyuzi 600, kuanzia mm 25 ndani ya mdomo. Bomba la mviringo la mm 54 lililo nyuma halionekani tena, na kinachobaki ni pete angavu yenye kina. Watu wengi hung'arisha ndani pia. Baada ya wiki moja masizi yanafanya mng'ao huo kuwa wa kijivu chenye mabaka.

Mshazari ulichukuliwa kutoka kwenye bampa, si kwenye katalogi. Kwa mtazamo wa juu bampa lilirudi mbele mm 14 katika upana wa mm 118, yaani nyuzi 7. Kwa mtazamo wa ubavu zilichaguliwa nyuzi 10, mdomo wa juu ukitangulia wa chini kwa mm 11 hivi. Ikiwa baridi, mdomo wa juu unatokeza mm 4 nje ya bampa. Ikiwa moto, mm 12. Anayepanga ncha ilingane na bampa ikiwa baridi ataikuta imetoka nje safarini, na anayeificha ndani ili ipendeze gari likiwa limeegeshwa ataliunguza bampa.

Kuna wanaokwepa hesabu hii yote kwa kuifunga pete ya pambo kwenye bampa lenyewe na kuacha bomba huru nyuma yake. Pengo linakuwa kamili daima, hilo ni kweli. Lakini gesi inapiga mgongo wa pete, masizi yanaingia ndani ya bampa, na ukitazama kwa karibu unaona bomba dogo limejificha nyuma ya mdomo mkubwa. Kwa gari hili hatukuona sababu ya kuchagua hivyo.

Kutengeneza

Karatasi ngumu ilibanwa juu ya dirisha na ukingo ukachorwa kwa penseli, kushoto na kulia kila moja peke yake. Madirisha mawili ya bampa moja hayalingani sikuzote. Ndani ya mchoro zikapigwa mistari ya mm 16, 18 na 12, ikakatwa sampuli ya kadibodi, ikapachikwa mahali pake kwa waya na kutazamwa kutoka hatua kadhaa, gari likiwa chini kwenye magurudumu yake. Gari lililo juu ya jeki huning'iniza ekzosi kwa namna nyingine na kudanganya macho. Sampuli iliandikwa kwa kalamu "KUSHOTO JUU" na "KULIA JUU" upande unaotazama nje. Maneno hayo manne yangezuia kisa hiki chote.

Ukuta wa nje ni bati la 304 la mm 1.2, kina cha mm 130. Mzunguko wake ni karibu mm 340. Ukuta wa ndani ni bati la unene uleule, nafasi kati ya kuta ni mm 7. Shingo ni bomba la mm 1.5 lenye kipenyo cha ndani cha mm 55 na urefu wa mm 80, lenye mipasuo minne ya upana wa mm 2 na urefu wa mm 30 ili klampu iweze kulibana. Ncha nzima inakaribia kilo 0.9. Uzito huo unaning'inia nyuma ya raba ya mwisho, hivyo kutumia bati la mm 2 kwa kudhani ni imara zaidi ni kuzichosha raba bure.

Kuta mbili zisifungwe kwa weldi kamili kote kuwili. Ya ndani hupata joto zaidi na kurefuka zaidi. Tofauti haifiki hata nusu milimita, lakini ikirudiwa kila safari hupasua mshono. Mdomo ulichomelewa wote, na nyuma ukuta wa nje ukashikwa kwa weldi fupi tatu za mm 15, kukiwa na nafasi wazi kati yake. Tundu la mm 4 likatobolewa sehemu ya chini kabisa, baada ya kuhakikisha chini ni ipi.

Weldi ilipigwa kwa TIG, uchomeleaji wa umeme unaokingwa na gesi ya agoni, kwa waya wa 308L kwa kuwa ni 304 kwa 304, na agoni ikipitishwa pia upande wa nyuma wa mshono. Bila agoni ya nyuma, mshono huchanua ndani kwa punje nyeusi zilizoungua, na kutu huanzia hapo hata kwenye stenlesi bora. Msasa ulifuata kwa mpangilio: 240, 400, 600, 800, kila namba ukigeuza mwelekeo ili mikwaruzo ya iliyotangulia ionekane na kuondolewa, kisha gurudumu la pamba na sabuni ya kung'arishia.

Kufunga

Ncha za zamani zilikatwa kwa diski ya mm 1, mabaki ya weldi yakasagwa, na pale ambapo aluminiamu ya bomba ilikuwa imeungua pakapakwa rangi ya kuhimili joto. Plastiki iliyojikunja ilinyooshwa kwa bunduki ya hewa moto ikisukumwa na kipande cha mbao, na nyuma ya ukingo wa juu likawekwa bati la aluminiamu la mm 0.5, limetengwa na plastiki kwa mm 8, uso wake wa nje ukiwa mweusi ili pengo libaki giza.

Klampu ya mkanda ilitumika badala ya weldi. Sababu si uvivu: ncha inatakiwa irekebishwe baada ya bomba kupata moto mara ya kwanza, na weldi haikupi nafasi hiyo. Shingo inaingia mm 50 juu ya bomba, karibu sawa na kipenyo chake. Ikiwa fupi zaidi ncha itachezacheza hata klampu ikiwa imekaza. Mdomo unainamishwa nyuzi 1 au 2 kuelekea nje ili maji yatoke. Klampu inakazwa nusu, injini inapata moto kamili, mapengo yanapimwa tena kwa glavu za ngozi mikononi, ncha inasogezwa, ndipo inakazwa moja kwa moja. Ikiwa mtu bado anataka weldi kati ya 304 na bomba la chuma cha kawaida, basi asage aluminiamu yote kwa upana wa mm 15 hadi 20, atumie waya wa 309L, na atoe waya hasi wa betri kabla ya kugusa gari.

Waya za aluminiamu zilirudishwa kwa jaribio la mwisho. Palipokuwa na mm 16, bomba lilipokaribia sana zilibaki mm 9. Hakuna kilichogonga.

Kuulinda mchoro

Umbo hili lilipopendeza, swali likawa kama linaweza kusajiliwa kama ubunifu wa mapambo. Linaweza, lakini kinacholindwa ni sura, si kazi. Ncha ya mviringo yenye mdomo uliokunjwa imetengenezwa kwa namna nyingi kiasi kwamba hakuna anayeweza kuidai. Trapeza lenye uwiano huu wa pande, unene huu wa mdomo na mshazari huu wa pande mbili vikiwa pamoja ndivyo vyenye nafasi. Mipasuo ya shingo, tundu la maji na klampu vimo kwa sababu ya kazi. Kwenye michoro, ambayo kwa desturi ni mitazamo sita na mmoja wa pembeni unaoonyesha kina, sehemu inayodaiwa huchorwa kwa mistari kamili, na shingo, klampu na bomba kwa mistari ya vidoti kuonyesha kwamba hazidaiwi. Anayechora kila kitu kwa mstari kamili anajifunga mwenyewe: mshindani atabadilisha shingo na kusema ubunifu wake ni mwingine.

Marekani hulinda ubunifu kwa miaka 15 tangu hati kutolewa, kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 13 Mei 2015. Umoja wa Ulaya hulinda kwa vipindi vya miaka mitano hadi 25, na kwa kipande cha gari hudai kionekane katika matumizi ya kawaida, sharti ambalo ncha ya ekzosi inalitimiza. Kipimo cha kuiga nchini Marekani bado kinasimama juu ya kesi ya mwaka 1871, Gorham dhidi ya White, iliyohusu mapambo ya vipini vya vijiko na uma: je, mnunuzi wa kawaida, akitazama kwa uangalifu wa kawaida, atadanganyika akadhani hiki ndicho kile? Mnunuzi wa ncha za ekzosi hutazama kutoka nyuma na juu kidogo, akiwa amesimama. Mchoro wa pembeni utolewe kutoka hapo.

Picha za gari zisitangazwe kabla ya maombi. Marekani na Umoja wa Ulaya hutoa miezi 12 tangu mbunifu mwenyewe alipoonyesha kazi yake. Kwingineko muda huo unaweza usiwepo, na picha moja ya bampa ikatosha kuua upya wa ubunifu.

Ukaguzi wa mwisho ni baada ya kilomita mia kadhaa: klampu inakazwa tena, mapengo yanapimwa pande nne. Ncha ikionekana imehama, zitazamwe raba kwanza. Klampu ifunguliwe tu zikishathibitika kuwa nzima.